Kabla hujapeleka hadithi za kwenu kuprinti, soma hii kwanza

Haya, wewe mwenye simu iliyojaa sauti za bibi akisimulia na daftari lenye hadithi sita saba ulizoandika mwenyewe, hii ni yako. Mi nilitoa kitabu cha hadithi za kwetu Usambaa, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa hela yangu, hadithi 14, kurasa 160, na kiukweli nilianza vibaya kwa sababu nilianzia mwisho. Nilianza kwa kuuliza bei ya kuprinti. Wengi wetu tunaanzia hapo, unaingia Kariakoo unauliza kitabu kimoja shilingi ngapi, unatajiwa bei, unarudi nyumbani unachangachanga, hela ikitimia unapeleka mswada ambao haujaiva. Nikapiga kopi 500. Mzee mmoja wa upande wa Bumbuli aliyenisimulia hadithi tatu nikampelekea kopi yake, akafungua, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, alafu akaniuliza, "Mwanangu, aliyesema haya ni nani?" Jina lake nilikuwa nimelitupia peji ya mwisho kwenye shukrani, katikati ya majina 20, na hata hilo nilikosea herufi. Kopi 500 jamani. Nyingine mpaka leo ziko chini ya kitanda.

Kwa hiyo hapa nakupangia kinyume na nilivyofanya mimi, mtu wa kuprinti anakuja mwishoni kabisa.

Anza na kurekodi. Simu yako inatosha, usinunue kitu. Zima laini isiite katikati, iweke karibu na msimulizi kwenye kitambaa sio juu ya meza tupu maana kila kikombe kikiguswa kinasikika kama radi. Kabla hadithi haijaanza sema kwa sauti tarehe, mahali, na jina la msimulizi, na umuulize hapo hapo kama anakubali kurekodiwa ili jibu lake libaki ndani ya sauti yenyewe. La sivyo miezi sita baadaye utakuwa na mafaili 40 yanayoitwa rekodi mpya 1, rekodi mpya 2, hutakumbuka nani ni nani. Alafu hamisha siku hiyohiyo sehemu mbili, flashi na kwenye barua pepe yako, simu zinaibiwa na zinaingia maji.

Na usiende peke yako. Hadithi haisimuliwi kwa mtu mmoja aliyekodoa macho na simu mkononi. Ukisema paukwa lazima awepo wa kusema pakawa, kwa hiyo chukua watoto wa hapo nyumbani waje wakae, na nenda jioni. Bibi yangu alikuwa anagoma kabisa kusimulia jua likiwa juu, mchana ni wa jembe, ukimlazimisha anakupa muhtasari wa dakika mbili na hadithi inakuwa imekufa. Usiku huohuo na watoto wakiwepo hadithi ileile inakwenda dakika 25 na nyimbo zake zote.

Sasa jiandae, saa moja ya sauti inakula saa nne mpaka sita za kuandika. Andika kwanza kama ilivyosemwa, na marudio yake, na "ehee" zake, usisahihishe. Kusafisha ni kazi nyingine ya siku nyingine. Ukisafisha wakati unaandika unapoteza namna ya mtu ya kusema na ukitaka kuirudisha hupati.

Utakutana na jambo la hadithi moja kuwa na sura tatu. Kwetu ipo ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu, aliyeota meno ya juu kwanza utotoni watu wakamwona ni kisirani, akakimbia kwao, akaja milimani akawa anawapa watu nyama ya nguruwe pori na wao wanampa chakula cha shamba, mpaka usiku ule alipoua simba kule Vugha wakamfanya mtawala. Hiyo ilishaandikwa na watu zaidi ya miaka mia iliyopita. Ukiandika tena vilevile unampotezea mtu hela yake. Mi nilichogundua ni kwamba kila ukoo una kipande chake, huku wanakaza sana habari ya nyama, kule wanakaza mke alitoka ukoo gani, na mzee wangu wa Bumbuli yeye anakaza simba. Usizichanganye ukapata hadithi moja ya wastani isiyo ya mtu yeyote. Chagua moja, sema ni ya nani na ya kijiji gani, na kama nyingine ni tamu weka nazo zifuatane.

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapogombania baada ya kitabu kutoka. Ruhusa. Usiseme "ni babu yangu hana shida". Andika karatasi moja tu ya Kiswahili cha kawaida, sio cha mahakamani, umsomee kwa sauti mbele ya mtu wake wa nyumbani, mwanae au mjukuu, alafu asaini au aweke dole gumba, na wewe usaini, kila mtu abaki na nakala. Iwe na mambo haya: nakuruhusu kuandika hadithi fulani na fulani, jina langu liandikwe hivi (hapa mwambie alitamke na alihakiki lilivyoandikwa, ningefanya hivi mimi nisingeaibika), unaweza au huwezi kubadilisha mwisho wa hadithi, nitapata kopi ngapi, na ikiuzwa nitapata nini. Hilo la mwisho linaogopesha ila litaje. Mimi toleo la pili niliwapa wasimulizi kopi tano tano na kiasi kidogo cha hela taslimu mapema, sio asilimia, maana asilimia ya kitabu ambacho hakijauzwa inaleta maneno msibani. Wengine walikataa hela wakataka sukari na kanga, sawa, lakini walichagua wenyewe.

Kisheria, haki ya maneno uliyoandika wewe inaanza pale unapoyaandika, sio unaposajili, ila kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ukikuta kitabu chako kinauzwa na kava la mtu mwingine. Hadithi yenyewe ya jadi ni kitu kingine, hiyo sio yako wala yangu, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu yake kabisa inayolinda sanaa na masimulizi ya jadi yanapotumika kibiashara. Ukienda COSOTA kusajili waambie waziwazi kwamba ni hadithi ulizokusanya na wewe umeziandika upya, wakuelekeze. Usiandike kwenye kava "mtunzi" kama umekusanya. Andika "zimekusanywa na kuandikwa na". Wazee wanasoma kava.

Alafu kuna hadithi za juzijuzi ambazo watu wake bado wapo. Yule jirani aliyesemekana anafuga fisi, ile familia ambayo mvua ikikatika watu wanaiangalia. Tamu sana kusimulia, lakini ukitaja jina umeingia pabaya, Tanzania kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, na hata bila sheria umewaachia watoto wake mzigo. Badilisha jina, badilisha kijiji, badilisha na kazi yake, kwa sababu kijijini jina peke yake halifichi kitu, ukisema tu "fundi baiskeli mwenye jicho moja" kila mtu ameshajua.

Tuje kwenye kuandika. Kitu kinachowashinda wengi ni kufikiri hadithi ya mdomo ukiichapa inabaki hadithi. Mdomoni kuna sauti, kuna mikono, msimulizi akifika kwa fisi anabadilisha sauti watoto wanakufa kwa kucheka, wewe kwenye karatasi una maneno matupu. Kwa hiyo marudio mengine punguza, lakini yale ya matatu yaache (mara ya kwanza akakataa, mara ya pili akakataa, mara ya tatu) hayo ndiyo mgongo wa hadithi. Nyimbo acha kwa lugha yake, weka maana chini yake kwa herufi za mlalo. Na maneno ya kikwenu usiyafute yote eti ili wa Mwanza aelewe. Kwetu tunasema kubana shi na kuzifya shi, kuharibu nchi na kuiponya nchi, na inahusu mvua na njaa na mtawala kwa pamoja, nikiandika "nchi ikawa na amani" nimeua kila kitu. Nilichofanya, neno linapotokea mara ya kwanza naliacha na kulifafanua ndani ya sentensi hiyohiyo, baada ya hapo linatembea lenyewe. Kamusi ya maneno mwisho wa kitabu watu hawaifungui, mi mwenyewe siifungui.

Fungua karatasi moja uiite karatasi ya tahajia. Utacheka ila ndiyo iliyoniokoa toleo la pili. Toleo la kwanza nilikuwa na Vuga na Vugha ndani ya hadithi moja, Mbega na Mbegha, Wasambaa, Washambaa na Washambala wote wamo kama makabila matatu. Kila jina la mtu, la mlima, la mto, amua linaandikwaje, liandike kwenye hiyo karatasi, alafu mpe mhariri nakala. Ukimaliza tumia kompyuta kutafuta kila jina moja moja. Inachosha, ifanye hivyohivyo.

Mhariri mlipe. Binamu aliyepata A ya Kiswahili form six sio mhariri, atakuwekea koma tu. Unataka mtu atakayekwambia hadithi ya nne inafanana na ya tisa, toa moja. Mimi nilianza na 17 nikabaki na 14 na zile tatu zilizotoka hakuna aliyewahi kuziulizia. Kama unaota kitabu kiingie mashuleni, elewa mapema kwamba kuna ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nao wanapitia lugha na kutoa ithibati yao, vyote hivyo ni muda na hela, fanya kabla ya kuprinti sio baada.

Kipimo cha mwisho cha mswada ni masikio. Printi steshenari kopi tatu za bei rahisi, moja msomee msimulizi mwenyewe nzima, moja mpe mtoto wa darasa la tano asome kwa sauti na wewe ukae kimya na kalamu. Pale anapokwama sentensi yako ni mbaya, usimlaumu mtoto.

Haya sasa mambo ya mafundi. Saizi ya A5 ndiyo wengi wanatumia, milimita 148 kwa 210, unakata A4 katikati hakuna karatasi inayopotea. Herufi ukubwa wa 11 au 12, ukizingatia wazee nao watasoma weka 12. Peji moja ya A5 inabeba maneno kama 250 mpaka 300, kwa hiyo mswada wa maneno 40,000 unakupeleka kwenye kurasa 150 hivi. Pambizo ya ndani, upande wa gundi, iache kubwa kama sentimita mbili, la sivyo msomaji atakipasua kitabu akitafuta mwisho wa mstari. Kurasa kwenye mashine kubwa zinakwenda kwa 16, kwa hiyo ukiwa na kurasa 163 utalazimika kwenda 176, yaani kurasa 13 tupu unazilipia. Punguza tatu ufike 160. Hii hesabu peke yake iliniondolea gharama nisiyoijua.

Mpe dizaina faili la Word kwa kupanga, lakini kwenye kuprinti peleka PDF yenye fonti zilizofungwa ndani. Ukipeleka Word kompyuta ya pale haina fonti yako, mistari inasogea, picha inaruka peji, na nani alaumiwe hapo. Picha zisipungue nukta 300 kwa inchi, na usitumiane picha kawaida kwenye WhatsApp, inaziminya, zitume kama dokumenti. Picha za kutoka Google sio za bure kwa sababu tu zimeonekana. Tafuta kijana wa hapo kwenu anayechora, michoro ya kalamu nyeusi inatoka vizuri kwenye karatasi ya kawaida na haiongezi bei kama rangi. Kava lizidishwe milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu. Upana wa mgongo usikisie, karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kurasa 160 ni karatasi 80, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 8, ila muulize anayeprinti apime karatasi yake mwenyewe.

ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu Dar. Tarakimu 13. Kitabu cha karatasi na kitabu cha kielektroniki kila kimoja kinataka namba yake, ukirudia kuprinti bila kubadilisha unatumia ileile, ukifanya toleo jipya lililobadilishwa unaomba nyingine. Iombe kabla kava halijakamilika maana milia ya msimbo inakaa nyuma ya kava. Kuna nakala za kuwapelekea maktaba kitabu kikitoka, zihesabu kwenye oda. Wenzetu wa Kenya hii wanaipata kwa huduma ya maktaba ya taifa ya kwao.

Na sasa ndiyo unauliza bei. Uliza sehemu tatu, na usiulize "kitabu kimoja bei gani", uliza hivi: A5, kurasa 160 ndani nyeusi na nyeupe, karatasi gramu 80, kava rangi gramu 300 limepakwa plastiki, gundi, kopi 50, 100, 200 na 500. Utaona kopi chache zinapigwa mashine za dijitali, hazina pleti (yale mabati ya kuchapia), kila kopi inagharimu zaidi lakini unatoa hela kidogo. Kopi nyingi zinakwenda ofseti, pale unalipia pleti kwanza alafu kila kopi inashuka bei. Bei ya kopi 500 itakutamanisha. Ikatae. Piga 100 au 200 kwanza, makosa utayaona tu, na makosa 200 ni mepesi kuliko 500. Kabla ya yote dai sampo moja iliyokamilika, imefungwa gundi, sio karatasi za kuonyeshwa, ikunje, ifungue katikati kwa nguvu, iache kwenye jua siku moja. Kama karatasi zinatoka mkononi, gundi ni mbovu, rudisha. Usilipe hela yote mwanzo, na kila mlichokubaliana kiwe kwenye karatasi na tarehe ya kukabidhi, "kesho asubuhi" za mjini unazijua.

Hesabu ya bei ya kuuzia, hapa nilipigwa na mimi mwenyewe. Tuseme unapiga kopi 200 kwa shilingi 7,000 kila moja, hiyo ni 1,400,000. Mhariri 300,000, dizaina 250,000, nauli na bando za kuzunguka vijijini 200,000. Jumla 2,150,000. Ukigawa kwa 200 unapata 10,750 unasema poa, nauza 12,000. Subiri. Kopi 20 umewapa wasimulizi na maktaba, za kuuza ni 180, kwa hiyo kila moja imekugharimu karibu 11,950. Duka likichukua asilimia 30 ya ile 12,000 unabaki na 8,400, kila wanapouza kimoja wewe umepoteza zaidi ya 3,500, na unashukuru kwamba kinatoka! Hata ukiuza 16,000 duka linakuachia 11,200, bado hujarudisha. Ndiyo maana kopi 200 za kwanza uza mwenyewe mkononi, maduka waachie toleo linalofuata ambapo mhariri na dizaina walishalipwa.

Na mkononi zinauzika. Watu wa kwenu walioko mbali ndio wateja wako namba moja, wale wa Dar na Arusha ambao watoto wao hawajui hata salamu ya kikwenu. Magrupu ya ukoo, harusi, misiba (sio siku ya kuzika, jamani), mikutano ya Desemba watu wakipanda nyumbani. Chukua oda na hela kwa simu kabla ya kuprinti, ukipata watu 60 waliolipa kwanza umeshapata zaidi ya nusu ya hela ya kuprinti bila mkopo. Mikoani tuma kwa basi, funga kwenye nailoni kwanza kisha boksi, andika namba ya mpokeaji pande mbili. PDF usimtumie mtu yeyote hata shemeji, ikishaingia grupu moja imekwisha.

Kopi za wasimulizi peleka mwenyewe kwa miguu yako kabla hujauza hata moja. Mi toleo la pili nilimrudia yule mzee, safari hii jina lake liko juu ya kila hadithi yake, na kijiji chake. Akalitafuta kwanza jina, akaligusa, akasoma ya simba mpaka mwisho. Alafu akaniambia nimekosea, simba hakuuliwa mlangoni, aliuliwa uani. Nikamwambia lakini kwenye rekodi umesema mlangoni mzee. Akasema siku ile alikuwa amechoka. Nimeandika kwenye daftari, uani, tarehe na sahihi yake.